Uzi Siuzi

Kuna swali moja Kanairo haichoki nayo: "Hiyo unauza ngapi?" Ukipika chapo zikatoka laini, unaulizwa mbona hufungui kibanda. Ukinyoa beshte yako akatoka fiti, unashowiwa kuna kinyozi inauzwa pale steji. Mimi nafumanga. Sindano mbili na uzi, siku zingine kroshia, na popote nimetoa hiyo kitu kwa begi, kabla nimalize mstari kuna msee ashaitisha bei. Kwa mat. Kwa laini ya Huduma Centre. Kwa matanga pia, manze, jeneza iko hapo mbele na mzae mmoja wa kamati ananiegemea akidai hiyo marvin inaweza mtoa Julai. Nawashow wote kitu moja: hii si ya kuuza. Hapo ndio wananicheki ni ka nimechizi.

Na si ati sina stoki. Nakaa bedsita Umo, zile keja ukifungua mlango ushafika kitandani, na robo ya hiyo nafasi ni uzi. Uko kwa sanduku ya chuma ya hao, bado imeandikwa jina yangu na rangi nyeupe. Uko chini ya kitanda. Uko juu ya kabati, kwa zile mifuko za kitambaa kila mtu alianza kurundika tangu serikali ipige marufuku mifuko za plastiki Agosti 2017. Kuna mwingine umejificha ndani ya sufuria kubwa ya krisi, juu nani atapikia watu kumi kwa bedsita? Landilodi alikuja kucheki mfereji akauliza kama nimefungua stoo ya blanketi.

Wafumaji wa Marekani wako na utani wao hapa, ati kuna msee uzi yake imepita siku amebakisha duniani. Kuna hadi mtandao wao, Ravelry, ulianza 2007, uko na mahali pa kuandika kila mpira wa uzi uko nao kejani: rangi, uzito, mita. Niliingia nikaanza kujaza yangu. Sanduku ikiwa nusu nikalala.

Mathe yeye hana utani. Akikam anasimama hapo katikati, yaani penye pamebaki, anaangalia juu, anaangalia chini, anasema, "Baba, hii yote ingekuwa ploti Kitengela." Ploti! Uzi wa soo mbili na kitu hauwezi kuwa ploti hata Joska, hata ile wanasema ni dakika mbili kutoka lami na hawasemi ni dakika mbili kwa nini. Lakini kwa mathe, doh yoyote kijana ametumia na haikununua ploti, ni ploti imepotea.

Ndio ushike venye hii kitu inakamata mtu, anzia duka za uzi za tao, Biashara Street na zile ngazi za River Road. Uzi mingi huko ni akriliki, na mingi ni ya hapa hapa. Ken Knit wako Eldoret, Spinknit wako Nakuru, watu wa uzi na blanketi. Simama mbele ya shelfu uone paredi ya shule: maruni, nevi, kijani ya chupa, kijivu, ile njano ya mstari wa shingo. Huo uzi kazi yake kubwa ni sweta za uniform, zile wanafuma na mashine pale Uhuru Market, Jogoo Road. Rangi ya kupiga luku ni ya kutafuta. Siku umeingia ukapata zambarau iliyoiva imekaa kona peke yake, hujiulizi ni ya nini. Unabeba.

Na ukibeba, beba yote. Kwa lebo kuna kanamba kadogo ka rangi, na hako kanamba kamenitoa doh kuliko rent. Uzi unapikwa rangi kwa mapipa, na pipa ya leo na ya wiki ijayo hazitoki sawa hata kama jina ni moja. Dukani, chini ya taa, unaona nevi ni nevi. Fuma umalize, utoke nje jua ikuwashe, kifua ni nevi na mkono ni nevi ya mtu mwingine. So mfumaji yeyote amejua dunia anahesabu mipira anahitaji, then anaongeza moja. Huyo mmoja wa ziada ndio baba ya stoki yote. Habaki peke yake. Anatafutiwa mwenzake wa kufanana, hao wawili hawatoshi kitu, wanaongezewa wa tatu, na hivyo ndio sufuria ya krisi ilijaa.

Akriliki si mbaya, wachana na wale wa kujiskia. Bei iko chini, nondo hawaili, na unaifua na sabuni ya unga kama jeans. Ni ndugu ya plastiki tu, imetoka kwa mafuta, so inakupea joto lakini haipumui. Na iepushe na pasi. Pasi ya moto ikipita juu yake inakufa: inalegea, inang'aa, na hairudi tena hata uombe. Kuna wafumaji huiua makusudi ndio shali ianguke vizuri begani. Ya kuenda Coasti unataka pamba. Dem akidunga topu ya akriliki Diani saa saba mchana, hiyo si luku, hiyo ni adhabu.

Lakini uzi ile tamu kabisa haiko Biashara Street. Iko Gikosh, na imejificha kama sweta.

Sufu ya kondoo ya ukweli, merino, kashmiri, hizo vitu tao ni ngumu kupata, na ukipata, bei inakung'ata. Majuu nako wasee huvaa wakazitoa, zikafungwa belo, zikashuka Mombasa, zikapanda hadi Gikosh. Wenye wanataka nguo ya kuvaa wanafika mangware belo zikifunguliwa, wapate kamera, zile safi za kwanza. Mimi ni mtu wa fagia, zile zimebaki chini. Sweta iko na shimo kwa kiwiko? Leta. Ilikuwa ya jamaa wa futi saba? Leta haraka, huyo amebeba uzi wa watu wawili. Wauzaji wanaona ni ka sijui kuchagua. "Kastoma, hiyo si saizi yako." Najua, madam. "Na iko na shimo." Nimeona, madam. Ananipunguzia hata kabla niombe, juu ananihurumia.

Hapo kuna ujuzi, na nitaumwaga wote juu sina bizna ya kulinda. Kwanza soma lebo, na ka imekatwa, skia na shavu. Sufu na plastiki hazidanganyi shavu. Pili, geuza sweta ndani nje ucheki mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umepigwa ovaloki, rudisha. Maana yake kitambaa kilifumwa kikiwa shuka moja, kikakatwa na mkasi, na kila mstari wa uzi ulikatika hapo. Ukifumua utapata vipande vya urefu wa mkono, vya kushonea vifungo. Unataka ile ya kila upande kufumwa ukiwa na umbo lake, then pande zikaunganishwa na uzi moja unapita kando kando. Huo ukiukata mahali sawa, pande zinaachana bila vita. Tatu, vuta kidogo. Ka sweta ilifuliwa na maji moto ikashikana ikakuwa nzito, sahau, hiyo haifumuki hadi Yesu arudi. Tengeneza kitambaa cha kushikia sufuria.

Zikipita hizo, nenda keja, weka ngoma, anza kufumua kutoka juu, penye kazi iliishia. Hiyo raha siwezi kueleza mtu hajaifanya. Mstari unaenda traa, mwingine traa, na kitu ilifumwa na kiwanda fulani kule Scotland inarudi kuwa uzi kwa mikono yako Umoja Two. Unatoka umejikunja ka indomie. Unaufunga mahali nne usichanganyike, unaosha, unautundika na chupa ya maji ikining'inia chini, kesho umenyooka. Rufu yetu majirani wanaanika uniform na shuka. Mimi naanika mazingaombwe.

Kufuma nilionyeshwa na mathe. Yeye ni mtu wa 8-4-4 ile ya kwanza, ya 1985, ilikuja na sayansikimu na sanaa, na mtu akaambiwa aje shule na sindano. Penye hakukuwa na doh ya sindano, spoki ya baiskeli ilinyooshwa, ikanolewa kwa jiwe, ikafanya kazi. Alafu kuna susu, mama yake, huko Masaku. Susu hajawai shika sindano ya kufuma. Yeye ni kiondo, vidole tupu, na anasuka akitembea, kutoka shamba hadi sokoni, akisalimia watu na hapotezi mstari. Zamani walikuwa wanatumia magome ya miti, ikaja katani, na siku hizi wanachanganya na akriliki ile ile ya Eldoret na Nakuru ndio rangi iwake. Mabaki yangu mengi yanaishia kwake. Nikienda ocha sibebi mkate, nabeba nyuzi za urefu wa hapa hadi mlangoni, na susu anazipokea ni ka nimemletea mbuzi.

Kroshia yangu ya kwanza nayo nilibuy kwa duka ya nywele. Ni ile ile wanafungia watu dredi pale Kenyatta Market, nyembamba hadi inatoboa kidole. Ya uzi ya kawaida inaanzia milimita nne, tano hivi. Niliijua hiyo tofauti baadaye, kitambaa ikiwa imekuwa ngumu ya kusimama yenyewe.

Sasa, kazi. Wasee hudhani mfumaji anaanza kitu, anamaliza, anaanza ingine. Nani alikuambia? Saa hii niko na sweta ya nevi, yangu, kifua iko, mgongo uko, mkono mmoja uko. Imekaa hivyo tangu baridi ya Julai iliyopita. Mkono wa pili haupendwangi na mfumaji yeyote, juu ni kazi ushafanya na unajua venye inaisha. Niko na kardigani ya mtoi wa sis, nilianza akiwa kwa tumbo. Huyo mtoi anakua mbio kuliko sindano zangu. Nikimaliza mgongo ashapita hiyo saizi. Sasa nimeamua ni ya mtoi mwenye atafuata. Sis anasema hakuna mwenye atafuata. Tutaona.

Niko na blanketi ya miraba pia, ile shosh wote hufuma, kila mraba rangi yake, inakula mabaki. Hiyo haina mwisho na sitaki ikuwe nayo.

Yenye inanibamba sana ni soksi, na ndio hutembea nayo kwa mat juu inatosha mfuko wa jaketi. Jogoo Road jioni, nganya imesimama tangu City Stadium, kila msee amezama kwa simu, mimi niko kwa kisigino. Na hapo kwa kisigino ndio kuna maajabu. Unashuka na mguu mzunguko kwa mzunguko, bomba tu, hakuna stori. Ukifika kisigino unaacha nusu ya mishono ipumzike. Hiyo nusu ingine unafuma kuenda na kurudi, lakini hufiki mwisho. Unageuka mshono mmoja kabla. Unarudi, unageuka mwingine kabla. Kila safari ni fupi kuliko ya mwisho, hadi unabaki na kadogo hapo katikati. Then unaanza kuzirudisha, moja moja. Na kitu ilikuwa flati inapinda yenyewe ikakuwa kikombe, saizi ya kisigino cha mtu, bila mkasi, bila mshono. Kuna mtu alikaa chini akafikiria hiyo kitu, na hakuandika jina yake popote.

Hapa ndio makanga huingilia. "Buda, hiyo ni ya bebi?" Mat yote inageuka. Kuna mwingine aliniuliza ka mathe amenituma nimshikie. Kwa wasee wa base kufuma ni kazi ya wamathe, full stop, na hakuna siku nitawaprove kitu. Lakini huwa niko na stori tatu tayari. Ya kwanza ni Tom Daley, yule mpiga mbizi wa Uingereza. Kwa Olimpiki ya Tokyo, ile ilifanywa 2021, kamera zilimnasa kwa viti vya mashabiki akifuma, ako na medali ya dhahabu ya kuruka, na alikuwa ameifumia hiyo medali kapochi isikwaruzwe. Ya pili ni kisiwa kinaitwa Taquile, Peru, kwa ziwa ya Titicaca. Huko kufuma ni kazi ya wanaume. Boi anajifunza akiwa mdogo, na marvin amevaa ndio inaonyesha ka ameoa ama bado. Ya tatu huwa naiweka ya mwisho juu inawanyamazisha: kati ya vitu za kufumwa za kitambo zaidi zimewai patikana ni soksi za pamba, bluu na nyeupe, kutoka Misri, za kati ya miaka ya 1000 na 1400. Zingine ziko na mapambo ya maandishi ya Kiarabu. So ukisema hii ni kitu ya shosh wa mzungu, soma tena, Afrika ilikuwa imevaa. Makanga alifikiria kidogo akasema, "Sawa, lakini unauza ngapi?"

Acha tupige hesabu basi, juu kila mtu anapenda hesabu. Sema sweta imekula masaa hamsini, na hiyo ni sweta ya mtu mwepesi. Jilipe soo kwa saa, pesa ya matusi. Hiyo ni thao tano na bado hujalipia uzi. Nani wa Umo atanipea thao tano na hapo Gikosh kuna kamera ya soo tano? Kwa kroshia ni mbaya zaidi. Kufuma kwa sindano mashine inaweza, ndio maana uniform iko cheap. Lakini kroshia ya ukweli hakuna kiwanda inaweza. Mashine huigiza tu. So ukiona katopu ka kroshia mtandaoni, ka bei ya chips na kuku, jua kuna mtu mahali alikafuma na mikono yake, na jiulize huyo alilipwa ngapi.

Beshte yangu wa Kasa aliingia hiyo bizna wakati wa korona, 2020, venye kila mtu alifungiwa kejani na TikTok ikajaa kardigani za mabaka za Harry Styles. Amekazana, na namheshimu, analipa rent na kroshia. Topu, baketi hati, bikini za Diani, msee anaitisha Jumatano anataka Ijumaa. Lakini muulize mara ya mwisho alijifumia kitu ni lini. Na usimtajie rangi ya njano. Aliwai pata oda ya mabridesmeidi ya njano, na hadi leo akiona ndizi anageuka.

Mimi kazi yangu ya mchana ni ya kompyuta, na kila kitu nafanya huko iko na bosi, dedlaini na mtu wa kusema "fanya tena". Uzi ndio mahali pekee naweza fumua kitu mara nne juu tu sikupenda venye shingo imekaa, na hakuna mtu anangoja. Siku nitaweka bei, kastoma ataingia hapo katikati na atakuwa na maoni kuhusu hiyo shingo.

Kuna wenye huniambia basi fumia dem wako. Hiyo pia iko na stori. Wafumaji wa majuu wanaogopa kitu wanaita laana ya sweta: ukimfumia mpenzi sweta kabla muoane, mnaachana. Mimi sioni laana hapo. Sweta inachukua miezi, na kuna mapenzi mingi Kanairo haifikishi mkono wa pili. Anza na marvin. Marvin ni wikendi moja, na mkikosana atakuwa bado na kichwa.

Wikendi iliyopita mathe alikam tena. Akasimama pale katikati, akaangalia juu, akaangalia chini, nikangoja ploti. Haikukuja. Akakaa kitandani, akachukua ile soksi, akageuza kisigino akaisoma, venye odijo husoma daftari. Then akadai vitambaa vyake vya kochi vimezeeka, vile alifuma kabla nizaliwe, na wageni wa chama wanakuja kwake mwezi ujao. Anataka seti mzima, viti saba, meza, na ya kufunika tivii. Nikamshow mathe, hiyo ni kazi ya miezi, na unajua mimi huwa sichukui oda.

"Kwani nani ameongea kulipa?"

Akanipa saizi kwa vidole, akanionyesha maua anataka kwa simu yake, akasema rangi ni krimu, isikuwe nyeupe, nyeupe inashika vumbi. Tumepekua sanduku. Tumetoa mifuko yote, tumemwaga sufuria, tumevuta gunia kutoka chini ya kitanda hadi mlango haufungi. Zambarau iko, haradali iko, nevi za mapipa matatu tofauti ziko. Krimu hakuna hata mpira moja. Kesho lanchi niko Biashara Street, na nitabeba moja ya ziada.